Hukumu za kadhi za talaka na watoto: zitundikwe mtandaoni au zibaki kabatini?

#1 MwanaDarajani
Assalaamu alaykum wanajukwaa.

Wengi wenu mshaliona lile faili la hukumu ya ulezi linalozunguka kwenye magurupu ya WhatsApp. Majina kamili, umri wa watoto, skuli wanayosoma, mpaka maradhi ya mama yao. Silileti hapa na naomba asililete mtu.

Ila naona hasira zetu zimekwenda pasipo. Watu wanasema mahakama isitoe tena hukumu za mambo ya ndani ya nyumba. Miye nasema kinyume chake: hukumu zote za kadhi hapa Zanzibar, kuanzia wilaya, zitundikwe mtandaoni azisome anayetaka, majina tu ndiyo yafutwe. Leo mwanamke anakwenda kudai huduma ya watoto hajui kama kadhi wa wilaya ya pili keshaamua shauri kama lake, na baba mwenye kazi kama ya mumewe kakatiwa kiasi gani. Anachokijua ni alichosikia kwa shoga yake. Kila kesi inaanza kana kwamba haijapata kutokea nyengine duniani.

Nipingeni kwa hoja.

#2 Mpemba_Asili
Majina yafutwe, halafu? Utaandika "mdai ni mwalimu wa skuli ya msingi, mdaiwa ni mvuvi mwenye wake wawili, watoto wao pacha na mmoja haoni vizuri." Huku kwetu mtoto wa madrasa atakutajia nyumba, na rangi ya mlango atakwambia. Pemba nzima kwa sensa ya 2022 ni watu 543,441. Toa watoto, toa wasiooa, bakisha wavuvi. Wamebaki wangapi hapo?

#3 Kaskazi07
@Mpemba_Asili huyo mvuvi umemjua vizuri sana. Au ndiye wewe?

#4 Mpemba_Asili
Mie mke mmoja na ananishinda. Jibu hoja.

#5 Mbara_wa_Fuoni
Mnajisumbua. Sheria ya Ndoa ya 1971 ipo, mashauri ya talaka yanasikilizwa, na ukiingia TanzLII, ile tovuti ya hukumu za mahakama, utakuta hukumu za talaka na mgawanyo wa mali chungu nzima, majina kamili ya mume na mke yapo kwenye kichwa cha habari. Bara watu wanasoma, wanafunzi wa sheria wananukuu, maisha yanaendelea. Sijasikia mtu kahama mtaa kwa sababu hiyo.

#6 WakiliMdogo
@Mbara_wa_Fuoni Sheria ya Ndoa ya 1971 haivuki maji, kaka. Ni ya Tanzania Bara. Hapa ndoa za Kiislamu na talaka zake ziko kwa kadhi, na sheria inayoziongoza mahakama hizo sasa ni Namba 9 ya 2017, iliyochukua nafasi ya ile Namba 3 ya 1985.

Na kuna jambo watu hawalijui. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 99, inasema Mahakama ya Rufani ya Tanzania haina mamlaka juu ya mambo ya Kiislamu yaliyoanzia kwa kadhi. Kwa hiyo kesi ya talaka ya mtu wa Makunduchi haifiki Dar es Salaam hata ipande namna gani, inaishia Mahakama Kuu ya hapa hapa. Hukumu za Mahakama ya Rufani ndizo zinazosomwa na kunukuliwa zaidi nchi nzima. Za kadhi hazipiti njia hiyo, ndiyo maana hazijulikani. Si njama ya mtu.

#7 Mbara_wa_Fuoni
Ahsante kwa somo, wakili. Lakini hoja ya majina umeiruka kama dimbwi.

#8 WakiliMdogo
Sijairuka, nilikuwa naijia. Katiba hiyo hiyo kifungu cha 15 inalinda maisha binafsi ya mtu, familia yake na unyumba wake. Cha 18 kinampa mtu haki ya kutafuta na kupata habari. Vyote viwili vimo humo humo, hakuna kilichoandikwa kuwa ni kaka wa mwenzake. Kwa watoto sheria inabana zaidi: ile Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya 2011, iliyoipa Zanzibar tuzo ya dhahabu ya kimataifa mwaka 2015. Mahakama ya Watoto haikai hadharani. Sasa mzozo wa ulezi ukiwa kwa kadhi, ndani ya shauri la talaka, mtoto yule yule anahitaji hifadhi ile ile. Faili la WhatsApp limempa nini?

#9 Bi_Sitara
Naingia na yangu, kwa ufupi.

Miye nilinunua talaka. Nilirudisha mahari, na juu yake nikaongezwa vitu vingine ambavyo sikuvipokea kwa mtu. Nilikuwa nimechoka, nikasema bora niwe huru. Baadae nikakutana na mwenzangu aliyepigwa kama nilivyopigwa mimi, tofauti yeye alikuwa na karatasi za hospitali na sheha alimshuhudia. Ndoa yake ilifasikhiwa, yaani kadhi aliivunja mwenyewe, hakutoa hata senti. Mimi neno fasikhi sikupata kulisikia kwa mtu yeyote mpaka siku hiyo. Aliyenisindikiza mahakamani alikuwa mjomba, na mjomba alitaka yaishe haraka.

Ningesoma hukumu moja tu kama ile ya mwenzangu ningejua nibebe nini.

Lakini msije mkasema nimo upande wa MwanaDarajani. Yangu sitaki isomwe, hata bila jina. Kuna maneno mule aliyasema mume wangu wa zamani kujitetea, na karani akayaandika yote. Wanangu wanajua kusoma.

#10 Shangazi_Konde
Pole dada. Na huyo mjomba wako yupo kila ukoo.

#11 Maalim_K
Nashangaa mnakwenda Dodoma na Dar na dini iko hapa. Mtume (s.a.w.) amesema anayemsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na akhera. Na katika Suratun Nisaa aya ya 35, mkichelea mfarakano baina ya mume na mke, pelekeni muamuzi kutoka watu wa mume na muamuzi kutoka watu wa mke. Watu wa nyumbani. Hakuambiwa mtu apeleke habari sokoni. Kesi kufika kwa kadhi kwenyewe ni dharura, sasa mnataka dharura hiyo itembezwe dunia nzima!

#12 Nahodha_Mstahiki
Maalim, kwa heshima yako. Suratul Mujadila inaanza na nini? "Mwenyezi Mungu amesikia kauli ya mwanamke anayejadiliana nawe juu ya mumewe." Shauri la mke na mume, mume kamfanyia dhihari mkewe, yaani kamwambia kwake ni kama mgongo wa mama yake, mke kaja kushtaki. Limeteremkiwa na Qur'ani na linasomwa misikitini mpaka Kiama. Kutangazwa gani zaidi ya huko?

#13 Maalim_K
Jina lake limo ndani ya aya?

#14 Nahodha_Mstahiki
Ndani ya aya halimo. Ndani ya tafsiri limo: Khawla bint Thaalaba, na mumewe Aws bin Swamit. Hata hilo la kununua talaka alilolitaja Bi_Sitara, dalili yake ni kesi ya mke wa Thabit bin Qays. Alisema hamlaumu mumewe kwa tabia wala dini, ila hawezi kukaa naye, akaambiwa arudishe bustani aliyopewa mahari. Iko katika Bukhari. Sisi tumejifunza khului kwa sababu mtu alisikia hukumu ya nyumba ya watu akaisimulia.

#15 Maalim_K
Vizuri umeitaja hiyo. Sasa niambie, mke wa Thabit aliitwa nani? Wapo waliosema Jamila, wapo waliosema Habiba bint Sahl. Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya jina, hukumu haikupungua hata herufi. Basi jina halina kazi. Kufundisha ni jambo moja, kufedhehesha ni jambo jengine.

#16 Kaskazi07
Maalim kaanza anampinga MwanaDarajani, kamaliza anamuunga mkono. Ukumbi wa VAR uangalie.

#17 Maalim_K
Sikumuunga mkono. Nimesema jina halina kazi, sikusema habari itundikwe.

#18 Karani_Mstaafu
Nimekaa mahakamani zaidi ya nusu ya umri wangu, mahakama gani nawachia wenyewe. Mnabishana juu ya kutundika kitu ambacho hamjakiona.

Hukumu ya wilaya siku zetu ilikuwa ya mkono, na nyingi ukurasa mmoja. Fulani kadai hivi, fulani kakubali hivi na kukataa vile, mahakama imeamua hivi. Sababu za kuamua ni mistari miwili, pengine ibara ya kitabu cha fiqhi kwa Kiarabu. Futa majina, futa kijiji, futa kazi ya mume kama anavyotaka Mpemba_Asili: kitabaki "mdai amedai, mahakama imeamua." Mtu atajifunza nini hapo?

Halafu mashauri mengi hayafiki hukumu. Wanasuluhishwa, anaandikiwa mume ahadi ya kuleta huduma, wanarudi nyumbani. Suluhu hiyo nayo mtaitundika?

Jengine. Mnasema siri, siri gani? Baraza la nje ya chumba cha kadhi huwa limejaa watu wanaosubiri zamu. Dirisha liko wazi kwa joto. Kila kilichosemwa ndani kilifika sokoni kabla ya mdai kupanda daladala.

#19 BaridiLeeds
Karani umenichekesha, umenirudisha nyumbani.

Niko Uingereza na nina rafiki aliyepitia mahakama ya familia huku, nimefuatilia kidogo. Kwa miaka mingi kesi hizi zilikuwa zinasikilizwa faragha na wazazi walikuwa wanalalamika kwamba watoto wao wanachukuliwa na mahakama isiyoonekana. Mwaka 2014 aliyekuwa mkuu wa mahakama za familia, Sir James Munby, alitoa muongozo majaji wachapishe hukumu zaidi, majina ya familia yafichwe. Majaji wengine walichapisha, wengine hawakuchapisha. Mkuu aliyemfuata, Sir Andrew McFarlane, akatoa ripoti 2021 kwamba waandishi wa habari waruhusiwe kuingia na kuandika wanachokiona, mradi mtoto na familia wasijulikane. Januari 2023 wakajaribu Leeds, Cardiff na Carlisle tu, Januari 2025 ikaenea England na Wales yote.

Na England na Wales ni watu karibu milioni 60. Pamoja na wingi huo hofu yao kubwa ndiyo ile ile ya Mpemba_Asili: mtu anachukua kipande hiki na kipande kile, anaunganisha, anampata mtoto. Ndiyo maana wanafuta pia skuli, tarehe ya kuzaliwa na maradhi yasiyo ya kawaida.

#20 Mpemba_Asili
Milioni 60 wanaogopa, sisi ambao kwa sensa ya 2022 hatukufika milioni mbili visiwa vyote ndio tunajiona mashujaa.

#21 WakiliMdogo
Nikiongezea ya @BaridiLeeds, Afrika Kusini wana kisa kinachopindua mjadala wenu. Sheria yao ya talaka ya 1979 ilikataza kutangaza yaliyosemwa ndani ya kesi, lakini iliruhusu kutaja majina ya wanaoachana. Yaani jirani ajue nani kaachwa, asijue kwa nini. Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba, katika kesi ya Johncom, ikageuza: yaliyosemwa yanaweza kuandikwa, wenyewe na watoto wao ndio wasijulikane.

Na Kenya ni karibu zaidi. Kule hukumu za kadhi zimo mtandaoni pamoja na za mahakama nyengine, na kesi nyingi za ndoa na watoto utaona herufi tu kwenye kichwa. Watu wa Mombasa ni Mashafii kama sisi, majina yao yale yale, ukoo wao wakati mwengine ule ule.

#22 Shangazi_Konde
Herufi! "S.M.S. dhidi ya A.K.H." Kwa majina yetu haya kila mtu anaitwa Salum Mohamed Salum. Hapo kweli hajulikani mtu 😂

#23 Kaskazi07
Mimi ni mtu wa kompyuta, sheria nawaachia wenyewe. Mnachanganya mambo mawili. Hukumu kuwepo mahali mtu aitafute ni jambo moja. Hukumu kuibuka yenyewe mtu anapoandika jina lako Google ni jambo jengine kabisa. Karani kasema dirisha lilikuwa wazi. Sawa, lakini aliyesikia dirishani alisahau, au alikufa, au alihamia Tanga. Google haihami.

Canada walishaumia. Tovuti yao ya hukumu, CanLII, ilikuwa inazizuia injini za utafutaji zisiingie kwenye kurasa za kesi. Akatokea mtu Romania akazinyonya hukumu zile, akaziweka kwenye tovuti yake, Globe24h, zikaanza kuonekana Google kwa majina ya watu. Ukitaka yako iondolewe haraka, unalipa. Watu wa talaka walikuwemo humo, wa kazi walikuwemo. Mahakama ya Shirikisho ya Canada ilimkataza mwaka 2017.

Kwa hiyo dawa ni mlango: tundika, lakini zuia utafutaji wa majina, mtu aingie kwa mada. "Huduma, watoto watatu, baba mwajiriwa." Asome.

#24 Mpemba_Asili
Na faili la WhatsApp lililoanzisha uzi huu liliingia kupitia injini gani ya utafutaji?

#25 Kaskazi07
Hilo lilivuja kwa mkono wa mtu. Mkono wa mtu hauna programu.

#26 MwanaDarajani
Nimewaacha mseme. @Karani_Mstaafu umenipa hoja mwenyewe. Kama sababu ni mistari miwili, ndiyo maana haswa zitundikwe. Kadhi akijua hukumu yake itasomwa na kadhi wa Wete na wanafunzi wa chuo, ataandika mistari kumi. Na mimi sina imani kwamba faragha ndiyo sababu ya kweli ya kufunga kabati. Naona zinalindwa mahakama zisilinganishwe. Futa jina la mume, futa jina la mke, jina la kadhi libaki pale juu tuone nani anaamua nini.

#27 Maalim_K
Hapo sasa umeonesha ulichokuja nacho.

#28 WakiliMdogo
Ufaransa wameliogopa hilo mpaka wakaliwekea jela. Hukumu zao zinatolewa wazi, majina ya wenye kesi yamefutwa, lakini sheria ya 2019 inakataza kuyatumia majina ya majaji kuchambua nani huamua vipi. Adhabu yake inaweza kufika miaka mitano. Sisemi ni sawa wala si sawa.

Ila tuwe waadilifu kwa makadhi. Kuhitilafiana si lazima iwe upungufu. Huduma hukatwa kwa uwezo wa baba, na uwezo wa mtu kadhi anautazama akiwa mbele yake. Ukiweka viwango viwili mtandaoni bila ya kuwaona watu wawili, umelinganisha namba tupu.

#29 Bi_Sitara
Wakili, huo uwezo unaotazamwa mbele ya kadhi ni ule ambao mtu kavaa kanzu chakavu siku ya kesi na gari kaiacha kwa kaka yake.

#30 Shangazi_Konde
Bi Sitara 🙌 Miye napendekeza kinyume chenu nyote. Hukumu fungeni, ila orodha ya mababa waliokatiwa huduma na hawatoi itundikwe hapo Darajani kwa herufi kubwa. Mwanangu akiposwa nataka kwenda kusoma kwanza.

#31 Mbara_wa_Fuoni
Shangazi anatania lakini kuna kitu. Mposaji anauliziwa kwa majirani, si ndiyo? Huko nako ni kutafuta habari za mtu. Mahakama ikifunga kabisa, kazi hiyo inabaki kwa majirani, na majirani hawana rufaa.

#32 Nahodha_Mstahiki
Na mirathi mmeisahau. Nyumba ya Ng'ambo, mzee kafa, warithi kumi na moja, mmoja yuko Oman. Anayetaka kuinunua lazima ajue warithi ni nani kwa majina, na kama mambo yamepita Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au la. Ukifuta majina kwenye hukumu ya mirathi umemuuzia mtu mbuzi ndani ya gunia. Kwa hiyo hili la "kesi za familia" si fungu moja. Talaka yasitajwe, mirathi yatajwe.

#33 Mpemba_Asili
Na mirathi ambamo ndani yake imebidi mahakama iamue kama mtoto fulani ni wa marehemu au si wake? Yatajwe?

#34 Nahodha_Mstahiki
…Hilo niache nilifikirie.

#35 Msimamizi
Kuna mtu kajaribu kutundika lile faili kwenye uzi huu. Limeondolewa na akaunti imefungwa. Endeleeni.

#36 Kijana_wa_Chake
Nasoma kimya tangu jana. Nyote mmezungumza kama mke, mume, wakili, karani. Mimi nilikuwa mtoto wa kesi.

Wazazi wangu waliachana nikiwa mdogo, mwishowe nikapelekwa kwa baba. Mama anasema kadhi alinichaguzisha kwa kuwa nilishafika umri wa kupambanua, nami nikamchagua baba. Baba anasema hakuniuliza mtu, mama ndiye aliyenitoa kwa hiari yake mbele ya kadhi. Kila mmoja anaapa. Mimi sikumbuki kuulizwa chochote. Nakumbuka benchi tu na soda.

Hukumu yenyewe ndiyo inayojua. Sitaki iwe mtandaoni, Bi_Sitara kasema kweli, kuna maneno mle ya watu wawili ambao mpaka leo nawaamkia. Lakini miye nataka kuisoma. Kwenye sheria zenu zote mlizozitaja, mtoto akishakuwa mtu mzima anayo haki ya kulifungua faili lake, au na yeye anahesabiwa ni mtu wa nje?

#37 WakiliMdogo
Swali zuri. Jina lako si la mdai wala la mdaiwa, hapo ndipo patakapokuwa na mvutano. Ningeandika barua ya maombi kwa mahakama iliyotoa hukumu, nikaeleza sababu kama ulivyoieleza hapa. Mzazi mmoja akikubali kuomba nakala yeye, njia ni fupi zaidi.

#38 Kijana_wa_Chake
Nikimuomba mmoja, wa pili atajua nimeanza kumtilia shaka.

#39 Shangazi_Konde
Muombe mama. Kina mama tumezoea kutiliwa shaka.

#40 Maalim_K
Mwanangu, wote wawili wazee wako. Ukishasoma ukakuta mmoja hakusema kweli, utafanyaje nayo?

#41 Kijana_wa_Chake
Sijui Maalim. Labda sitofanya chochote.

#42 Karani_Mstaafu
Kijana, faili hutafutwa kwa namba ya shauri na mwaka, halitafutwi kwa jina. Namba haipo? Basi mwaka tu na wilaya, tunaanza na rejesta. Nijibu kwenye kisanduku cha ndani, usiandike hapa.